Mgeni Asiyeamshwa

Kila alfajiri, adhana ilipoanza kusikika, nyumba ya Bibi Waridi pale Kasongo iliamka kwa kunyata. Bibi alitangulia, mkono mmoja umeshika birika la maji ya udhu, mwingine umekinga taa isimulike chumba cha wasichana. Mjukuu wake Faridah alifuata akipiga miayo, na akigonga kitu chochote, hata kijiko, alikemewa kwa mnong'ono. "Polepole, weye. Mugeni amelala."

Mgeni huyo alikuwa Kavira, msichana wa miaka kumi na mitatu, na wala hakuwa amelala. Katika nyumba ile nzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa macho karibu usiku kucha. Alikuwa amemsikia Faridah akiota na kugombana na mtu juu ya ufagio, na Bibi akikohoa mara mbili. Lakini Bibi alipochungulia mlangoni, Kavira alifumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Alipewa kitanda kizuri kuliko vyote, chenye chandarua kipya, na mtu aliyepewa kitanda kama kile akasema hapati usingizi, ataonekana hana shukrani. Basi alidanganya kwa macho, na wenyeji wake wakaenda kuswali wakiwa wameridhika.

Alikuwa amefika Kasongo miezi saba kabla, nyuma ya pikipiki, akitoka Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu ya Kabambare. Mama yake, Régina, aliwapikia wachimbaji chakula huko, na mchele wake aliununua kwa Bibi Waridi. Biashara ilizaa urafiki, urafiki ukazaa udugu, ingawa mmoja alikuwa Mkristo aliyehama kutoka Butembo na mwingine Mwislamu ambaye ukoo wake umekaa Kasongo tangu enzi za mababu. Kwa hiyo Katembo, baba yake Kavira, alipofariki shimoni, Bibi alituma neno moja tu: mniletee huyo mtoto asome huku, nitamtunza.

Na alimtunza hasa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Bibi Waridi alikuwa hodari wa kuwakumbusha wageni wengine msemo huo. Kwa Kavira aliusahau kwa makusudi. Mtoto asiguse ungo, asichote maji, asiamshwe. Miezi saba ilipita, naye bado alikuwa mgeni wa siku ya kwanza.

Usingizi wa Salamabila Kavira aliukumbuka kama mtu anavyokumbuka chakula cha kwao. Kule hapakuwa na kimya kamwe. Wanawake walitwanga mawe ya dhahabu kwenye vinu vya chuma hadi giza liingie, pikipiki zilipanda na kushuka, na redio ya jirani ilisema peke yake bila msikilizaji. Baba yake alirudi na matope hadi masikioni, akaoga nyuma ya nyumba akiimba vibaya kusudi ili mkewe acheke. Kavira alilala katikati ya kelele zote hizo, siku nyingine hata sahani haijamalizika, na baba akambeba begani hadi mkekani. "Huyu," alipenda kusema, "hata mulima ukianguka, hataamka." Ah, siku zile zilikuwa tamu, naye hakujua kwamba ni tamu. Nani hujua?

Sasa shuleni mambo yalikuwa yanaharibika. Mwalimu Bruno wa darasa la saba alimkuta amelalia daftari mara tatu katika wiki moja, na katika hesabu, somo lililokuwa lake, alipata alama ambazo Faridah alizificha asizione Bibi. Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani kusema kwamba kwa mwendo ule mtoto hatavuka mwaka. Régina alipoelezwa kwa simu alisema kwamba muhula ukiisha atakuja, na akikuta hali ni hiyo hiyo atamrudisha mtoto Salamabila. Kavira alijua maana yake. Kule shule ilikuwa inafungwa kila milio ya risasi iliposikika milimani, na wasichana wa rika lake walikuwa wameshashika mchi wa kutwangia mawe.

Bibi Waridi alifanya alichoweza. Aliamuru Kavira apande kitandani mara tu baada ya swala ya isha, na akirudi shule alale tena mchana. Aliwakataza watoto wa jirani kucheza karibu na dirisha. Kadiri alivyomtafutia mtoto usingizi, ndivyo ulivyozidi kukimbia. Tena Kavira alianza kutetemeka mvua ikinyesha, moyo ukimwenda mbio kama aliyetoka kukimbizwa, na kila siku aliuliza kama mama yake amepiga simu.

Mwishowe walikwenda kituo cha afya. Daktari alimpima malaria, akakuta hana. Akamwuliza maswali mengi kwa upole, kisha akamweleza Bibi kwamba mtoto ana ugonjwa wa wasiwasi uliochanganyika na huzuni, ulioanza baada ya msiba. Si wazimu, si uchawi. Ni ugonjwa kama mwingine, na unatibika. Bibi akaomba vidonge vya usingizi. Daktari akajibu kwamba kuna wagonjwa wanaohitaji dawa ya kumeza, lakini huyu wataanza kumtibu kwa mazungumzo.

"Mazungumuzo?" Bibi alishangaa. "Hiyo hata kwangu iko mingi."

Mazungumzo ya kituoni, hata hivyo, yalikuwa na fundi wake. Aliitwa Mama Honorine, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyesomea mambo ya akili na nafsi mjini Kindu. Katika chumba chake kidogo palikuwa na benchi mbili na ungo wa karanga. Kila mgonjwa aliyeingia alipewa karanga amenye, kwa kuwa Mama Honorine aliamini kwamba mikono ikiwa na kazi, mdomo hupungukiwa woga. Karanga zilizomenywa alizipeleka shambani kwake kupanda, na watu walimtania kwamba shamba lake limepandwa siri za Kasongo nzima.

Ijumaa ya kwanza alimweleza Kavira kwamba kitanda chake kimejifunza kukesha. Ukilala kitandani saa nyingi ukiwa macho, ukiwaza na kuogopa, mwili unazoea kwamba kitandani ni mahali pa kuwaza na kuogopa. Dawa yake ni kuufundisha mwili upya. Asipande kitandani kabla ya saa tatu na nusu ya usiku, na apande tu akiwa na usingizi. Akikaa muda mrefu bila kulala, ainuke, aketi kwenye mkeka sebuleni, afanye jambo dogo lisilochangamsha, arudi usingizi ukija. Mchana asilale hata kidogo. Mawazo yake ayape saa yao, saa kumi jioni, ayaandike yote wakati jua bado liko juu. Na kila siku, hata Jumapili, aamke pamoja na nyumba, adhana inapolia. Kila asubuhi aandike katika daftari alivyolala. Wiki mbili za mwanzo, alionya Mama Honorine, zitakuwa ngumu kuliko zilizopita.

Bibi alisikiliza akiwa ameshika kiuno. "Mama Honorine, huyu mutoto ni mugeni wangu. Nimuamushe alfajiri, nimukalishe kwenye mukeka usiku? Watu wa Salamabila watasema Waridi anatesa mutoto wa mwenzake, tena mutoto aliyefiwa na baba."

Mama Honorine alisema kwamba si mateso, ni tiba. Bibi akaitikia kwa kichwa, lakini moyo wake haukuitikia. Walipofika nyumbani alimwita Faridah pembeni na kumwambia kwamba mambo ya kumwamsha Kavira yasubiri kidogo.

Kavira naye alikuwa na kosa lake. Kila siku saa tatu na nusu alipanda kitandani kama alivyoagizwa, na kila usiku alibaki pale pale, macho makavu, akiogopa kuinuka kwenda sebuleni, kwa maana Bibi angeamka akajua. Na akijua, je? Si angemwambia mama? Mgeni hasemi amelala vibaya. Basi asubuhi alichukua daftari akaandika: nimelala vizuri. Kesho yake: nimelala vizuri sana. Mama Honorine alisoma, akaguna, akampa karanga.

"Lakini weye hukulala," Faridah alimwambia siku moja njiani kwenda shule. "Nimeamka kwenda chooni nikakuona unatazama chandarua."

"Ulikuwa unaota," Kavira akajibu.

"Mimi ninaota ufagio, siyo macho ya watu," alisema Faridah, na hakuzungumza naye tena hadi mapumziko.

Ijumaa ya tatu Mama Honorine alifungua daftari na kulitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kavira, leo ni siku gani?"

"Ni Ijumaa, Mama."

"Jumapili ulilala namna gani?"

"Vizuri."

"Nasema Jumapili inayokuja."

Kavira alitazama. Jumatano, kwa uvivu wa kuandika uongo ule ule kila asubuhi, aliuandika wote kwa mkupuo mmoja, akavuka Ijumaa, akavuka Jumamosi, mpaka akafika kwenye usiku ambao Mungu mwenyewe alikuwa bado hajauleta. Mama Honorine alicheka hadi mabega yakatikisika, na Kavira akaanza kulia.

"Sikuchekei wewe," alisema Mama Honorine akimsogezea ungo. "Lakini sikia. Mimi ninapima dawa yako kwa hii kaye, hii daftari yako. Ukiniletea uongo, ni sawa na kupeleka maabara mukojo wa mutu mwingine. Tutamutibu nani?"

Kavira akasema ukweli. Alisema kuhusu Bibi na kitanda kizuri, na mama atakayemrudisha. Alisema kwamba haamshwi. Mama Honorine alimenya karanga bila kumkatiza, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza mtoto huyo. "Na ukilala, unaogopa nini kitatokea?"

Karanga kumi na moja zilimenywa kabla ya jibu kuja.

"Wataniacha nilale tena," alisema Kavira.

Usiku ule wa Salamabila mvua ilikuwa kubwa, na udongo wa mlima uliteremka juu ya mashimo, baba yake akiwa ndani. Watu walikuja mlangoni na habari. Mama alilia, majirani wakalia, ua ukajaa. Kavira hakusikia lolote. Hakuna aliyemwamsha. Asubuhi aliinuka akiwa na njaa, akatoka nje huku akiimba ule wimbo mbaya wa baba yake, akaulizia chai. Akakuta watu wengi wameketi chini, na wote wakamtazama. Kila mtu pale alikuwa anajua isipokuwa yeye, na yeye alikuwa anaimba.

"Tangu siku hiyo nikifumba macho naona watu wamekaa uani," alisema. "Mama amebaki kule peke yake. Nikilala, nani atamuangalia?"

Mama Honorine hakusema pole haraka haraka. Alimwuliza kama angekuwa macho usiku ule, mlima usingeanguka? Kavira alifikiri kwa uaminifu, akasema ungeanguka. Na miezi saba hii aliyokesha Kasongo, amemzuilia mama yake mvua ngapi? Hakuna hata moja. "Basi kukesha kwako hakumulindi mutu," alisema Mama Honorine. "Na kulala kwako hakukumuua baba yako. Hilo utaliandika leo saa kumi, na kesho, mpaka mukono ulizoee, na moyo utafuata."

Kisha, kwa ruhusa ya Kavira mwenyewe, alimwita Bibi Waridi kutoka barazani akamweleza. Bibi aliketi kwenye benchi taratibu kama mtu aliyebeba gunia la mpunga. "Kumbe," alisema, "na mimi kila alfajiri nilikuwa ninamufanyia vile vile."

Walimpigia Régina simu hapo hapo. Mawasiliano ya Salamabila yalikatika mara mbili, lakini ya tatu yakashika. Kavira alimwuliza mama yake kile alichokificha kifuani kwa muda wote huo: kwa nini hukuniamsha? Upande wa pili, kwa mbali, ilisikika michi ikitwanga mawe.

"Watu walisema tukuamushe," alisema Régina. "Mimi nikakataa. Ulikuwa unalala mutoto mwenye baba. Nikasema, wacha awe naye mpaka asubuhi."

Hapo wote watatu chumbani walilia, na Bibi Waridi hakujificha kwa mtandio wake kama kawaida yake. Régina aliahidi kwamba tangu siku hiyo habari yoyote, njema au mbaya, itamfikia Kavira saa hiyo hiyo. Bibi akachukua simu kumalizia: katika nyumba yake, likitokea jambo, mtoto ataamshwa hata kama ni usiku wa manane.

Kesho yake adhana ilipolia, Bibi hakunyata. Alisukuma mlango, akaweka taa mezani kwa kishindo na kusema, "Kavira, simama." Wao walipokwenda kuswali, Kavira alisali sala yake ya Kikristo uani, kisha akapewa ungo apepete mchele pamoja na Faridah. Alipeta vibaya, nusu ya mchele ikaenda kwa kuku, na Faridah akamcheka waziwazi kwa mara ya kwanza. Kavira alijisikia vizuri kuchekwa namna ile. Mgeni hachekwi.

Nisiseme uongo kwamba alipona siku hiyo. Wiki ya kwanza alisinzia akiwa amesimama, na saa za mchana alikitamani kitanda kama mwenye kiu anavyotamani maji. Faridah alipewa kazi ya kumzuia, akaifanya kwa ukali wa askari. Usiku Kavira aliinuka mara mbili, mara tatu, akaketi mkekani kuchambua maharage, na Bibi akimsikia alikohoa chumbani, akasema tu, "Niko hapa," akaendelea kulala. Katika daftari sasa yaliandikwa mabaya na mazuri. Usiku mmoja aliandika: nimelala kidogo sana na nimemchukia Mama Honorine. Mama Honorine aliposoma alifurahi, akasema hiyo ndiyo kazi ya daftari.

Wiki ya tano aliinuka mara moja tu. Ya saba, Mwalimu Bruno alimwita ubaoni, akakokotoa hesabu ya sehemu bila kukosea. Mama Honorine akaanza kumwongezea muda wa kulala, robo saa kwa robo saa. Hofu ya mvua haikuondoka yote. Ilikuwa inakuja, inapewa saa kumi yake, inapungua.

Muhula ulipoisha Régina alipanda pikipiki kuja Kasongo, kama alivyosema. Walimngoja mchana, wakamngoja jioni. Mvua ilianza kunyesha, ile mvua kubwa inayofanya barabara ya Kabambare kuwa uji. Kwa simu ya mwisho alisema wamekwama mahali, lakini wako salama. Saa ya kulala ilipofika, Bibi alimtazama Kavira na kumwuliza atafanyaje.

"Nitalala," alisema Kavira baada ya kufikiri. "Akifika utaniamusha?"

"Nimesema."

Régina aliingia karibu saa tano, matope hadi masikioni. Alipoonyeshwa chumba alisimama mlangoni. Mvua ilikuwa bado inapiga mabati kwa nguvu, na binti yake alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya chandarua. Régina alitazama usingizi ule aliokuwa hajauona tangu mumewe alipokuwa hai, akaweka mkono kifuani.

"Muache alale," alinong'ona. "Tutaonana asubuhi."

"Hapana," alisema Bibi Waridi kwa sauti yake kamili. "Hapa tunaamusha."

Ilibidi amtikise mara tatu. Kavira alifumbua macho, akaona Bibi, akaona taa, na kwa kitambo moyo ukamruka. Kisha akaona matope, na uso uliokuwa ndani ya matope hayo. Aliondoka kitandani akaangukia shingoni mwa mama yake, na matope yakawa ya wote wawili.

Baadaye waliketi mkekani wakanywa chai, Kavira ameegemea bega la mama yake. Régina alikuwa ameshasema kwamba mtoto atabaki Kasongo kusoma. Bibi Waridi akaona huu ndio wakati wake wa kutoa mawaidha, na alikuwa nayo mengi.

"Sikia, mutoto wangu," alianza. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha kwa adabu, mimi nikakuficha kwa huruma, mama yako akakuficha kwa upendo, na wote watatu tulikosea. Ukiumwa, sema, hata kama kitanda ulichopewa ni cha dhahabu. Na sisi wakubwa tujue kwamba mutoto halali kwa sababu ya kimya. Analala kwa sababu anajua, likitokea jambo, ataamushwa."

Alingoja jibu, halikuja. Kavira alikuwa amelala tena, kikombe bado mkononi.

"Nimuamushe asikie?" aliuliza Régina.

Bibi alimwondolea mtoto kikombe polepole. "Hayo ni mawaidha, siyo habari," alisema. "Yanaweza kungoja alfajiri."